Rekodi 12 za Mbwa wa Mbio, na Daftari Lililoachwa Wazi

Mbio za mbwa ni mchezo wa namba. Saa za uwanjani hupima hadi sehemu ya mia ya sekunde. Mbwa akishinda, huandikwa jina lake, la baba yake na mama yake, uzito wake siku hiyo, namba ya kizimba alichofyatukia na umbali aliomwacha wa pili. Lakini ukiuliza mbwa aliyeshika mkia alipelekwa wapi asubuhi yake, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita hukupata wa kukujibu.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumewaona mbwa hawa kwenye runinga za vibanda vya kubeti, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wale wa kompyuta hukimbia kila baada ya dakika chache, hawaumii wala hawazeeki. Walio hai, greihaundi wenye kiuno chembamba na miguu mirefu, wana mifupa inayovunjika. Na katika nchi na majimbo kadhaa mchezo wao umesimama kwa fedha za umma: kwa ruzuku ya bajeti, au kwa sheria inayoamuru fedha za kamari zipelekwe kwenye mabanda ya mbwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Rekodi zifuatazo nimezipanga kwa kulifuata daftari hilo: nani alikimbia, nani aliumia, nani alilipa, nani aliandika na nani aliacha ukurasa wazi.

1. Mwenye kasi kuliko wote: Star Title, kilomita 67.32 kwa saa

Tarehe 5 Machi 1994, katika uwanja wa Wyong, jimbo la New South Wales nchini Australia, mbwa aitwaye Star Title alikimbia mita 366 kwa sekunde 19.57. Wastani wake ulikuwa kilomita 67.32 kwa saa, kasi inayotajwa kuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa kwa greihaundi. Ferdinand Omanyala alipoweka rekodi ya Afrika ya mita 100 pale Kasarani mwaka 2021, alitumia sekunde 9.77. Kwa mwendo wa Star Title, mita hizo 100 zinaisha kwa sekunde 5.35.

Rekodi hii iliwekwa kwenye njia iliyonyooka, isiyo na kona hata moja. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney, walioagizwa na chombo kinachosimamia mbio katika jimbo hilohilo, walipendekeza njia zilizonyooka, na mbwa 6 badala ya 8 katika kila mbio. Sababu yao ni msongamano: mbwa wote hulenga ukingo wa ndani kwa wakati mmoja, na kwenye kona ya kwanza ndipo wanapogongana na kuanguka. Yaani mahali pazuri zaidi kwa kasi ndipo pia mbwa anapokuwa salama zaidi. Hata hivyo viwanja vingi vya Australia vimebaki vya mviringo, na mbwa 8 bado wanafunguliwa kwa mpigo.

2. Mfululizo mrefu zaidi wa ushindi Uingereza: Ballyregan Bob, mara 32

Mwezi Desemba 1986, katika uwanja wa Hove kusini mwa Uingereza, Ballyregan Bob alishinda mbio yake ya 32 mfululizo na kuivunja rekodi ya ushindi 31 ya Joe Dump, mbwa wa Alabama, Marekani. Kabla yake, jina kubwa lilikuwa la Mick the Miller, aliyezaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Killeigh, Ireland, kwenye banda la padri wa parokia. Mick alishinda mashindano makubwa ya Derby mjini London mwaka 1929 na tena 1930, akashinda mara 19 mfululizo, akaigiza katika filamu, na mwili wake ukahifadhiwa katika makumbusho ya viumbe pale Tring.

Mabingwa hawa waliishi na kufa wakijulikana. Mbwa wa kawaida wa mbio huanza kukimbia akiwa na mwaka mmoja na ushee, na akifika miaka mitatu au minne kazi imekwisha. Umri wake wa asili unaweza kufika miaka 12 au zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake inakuja baada ya mbio ya mwisho, wakati hana tena faida ya fedha kwa yeyote. Ukitaka kupima ustawi wa wanyama katika mchezo huu, pima miaka hiyo.

3. Mshindani wa ajabu zaidi: duma kutoka Kenya

Mwingereza Kenneth Gandar-Dower alipeleka London duma waliokamatwa Kenya, na mwezi Desemba 1937 wakashindanishwa na greihaundi katika uwanja wa Romford. Duma jike aliyepewa jina Helen aliwaacha mbwa nyuma, na umati ukashangilia.

Mradi haukudumu. Duma hawakukubali kuendelea kukifukuza kitambaa kisicholiwa, na wenyewe kwa wenyewe hawakuona haja ya kushindana. Mnyama alikataa, na mchezo ukaishia hapo. Greihaundi hakatai. Amezalishwa kwa vizazi vingi ili akimbize kila kinachomtoka mbele, na hata akitegua mguu katikati ya mbio hujaribu kuwafuata wenzake. Mnyama asiyejua kukataa anahitaji mtu wa kukataa kwa niaba yake. Kanuni zote za ustawi, daktari wa mifugo uwanjani, mkaguzi wa njia, haki ya kuahirisha mbio siku ya joto kali, zinatoka hapo.

4. Mfupa unaolipa gharama kubwa zaidi: kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia

Viwanja hivi huzungukwa kinyume na mwendo wa saa, kwa hiyo kila kona ni ya kushoto. Mguu wa nyuma wa kulia ndio unaobaki upande wa nje na kusukuma mwili uzunguke. Ndani ya kifundo cha mguu huo kuna mfupa mdogo wa kati. Kwa kuzunguka upande mmoja siku zote, mfupa huo hukomaa na kunenepa, na wakati huohuo nyufa ndogo zisizoonekana hujikusanya ndani yake. Siku moja kwenye kona unapasuka. Madaktari wa mbwa wa mbio wanaujua vizuri: mfupa huu unapovunjika, karibu kila mara ni wa kulia.

Mara nyingi unatibika. Daktari anaweza kuunga vipande kwa skrubu, na mbwa akaishi vizuri nyumbani kwa mtu, ingawa hatarudi uwanjani. Tatizo lilikuwa bili. Matibabu yalizidi thamani ya mbwa aliyemaliza kazi, kwa hiyo wengi walichomwa sindano ya kifo kwa jeraha ambalo lingepona. Mwishoni mwa 2018 bodi ya mbio ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuchangia matibabu ya mifupa iliyovunjika uwanjani. Uwezo wa kuutibu mfupa huo ulikuwepo kabla ya mpango. Kilichokosekana ni mtu wa kuilipa bili.

5. Ruzuku inayojadiliwa zaidi: Ireland, euro milioni 19.8 kwa mwaka

Ireland imekuwa na bodi ya serikali ya mbio za mbwa tangu sheria ya 1958. Mwaka 2001 sheria nyingine iliunda mfuko wa pamoja wa farasi na mbwa: asilimia 80 kwa farasi, asilimia 20 kwa mbwa. Mwaka 2025 mfuko ulifika euro milioni 99.1, na fungu la mbwa likawa kama euro milioni 19.8. Ireland ndiyo pia inayozalisha mbwa wengi kabisa wanaokimbia Uingereza, kwa hiyo euro hizo zinagusa viwanja vya nchi mbili.

Juni 2019 runinga ya taifa, RTÉ, ilirusha uchunguzi uliotikisa nchi. Ulifichua ripoti ambayo bodi yenyewe iliiagiza mwaka 2017 na ambayo umma haukuwa umeiona. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba karibu mbwa 6,000 waliuawa kila mwaka kwa sababu hawakufikia muda uliotakiwa au kasi yao ilikuwa imepungua. Mlipakodi aligundua siku hiyo kwamba alikuwa amegharimia uzalishaji wa mbwa wengi kuliko mchezo unavyoweza kuwatumia, na hakuna aliyemwambia waliobaki walikwenda wapi.

Wadhamini walianza kujitoa. Mmoja wao alikuwa Barry's Tea ya mjini Cork, kampuni ambayo chai yake huchanganywa na majani kutoka Kenya na Rwanda. Mwaka huohuo sheria mpya ikaipa bodi jina jipya, Rásaíocht Con Éireann, na kuweka msingi wa kumfuatilia kila mbwa tangu kuzaliwa. Hatua hiyo ni ya kweli na inastahili sifa. Lakini fedha zilitangulia kwa miaka 18, hesabu ikaja baadaye, na pengo hilo ndilo lililogharimu maisha ya mbwa.

6. Ripoti nzito kuliko zote: McHugh, New South Wales, 2016

Februari 2015 kipindi cha Four Corners cha shirika la utangazaji la Australia, ABC, kilionyesha wakufunzi wakiwafunga watoto wa nguruwe, sungura na wanyama wengine walio hai kwenye mashine ya chambo, na mbwa wakiachiwa wawararue. Chambo hai kilikuwa kimepigwa marufuku kwa miaka mingi. Serikali ya New South Wales ikaunda tume chini ya Michael McHugh, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya Australia.

Ripoti yake ya Juni 2016 ilipekua miaka 12. Katika kipindi hicho walizaliwa greihaundi 97,783. Kati yao, waliouawa kwa kuonekana hawafai mbio walikuwa kati ya 48,891 na 68,448. Tazama upana wa makadirio hayo: tofauti kati ya kiwango cha chini na cha juu inakaribia mbwa 20,000. Jaji alikuwa na mamlaka ya kisheria, wachunguzi na nyaraka, na bado hakuweza kusema kwa hakika mbwa 20,000 waliishia wapi, kwa kuwa waliopaswa kuandika hawakuandika.

Tume ilikuta pia kwamba chombo kilichosimamia mchezo kilikuwa na sera ya makusudi ya kupunguza uzito wa majeraha katika taarifa zilizotolewa kwa umma. Mbwa aliyevunjika aliandikwa kana kwamba ameumia kidogo. Katika orodha hii hakuna kosa ninaloliona kubwa kuliko hilo. Ukatili wa mkufunzi mmoja unaweza kugunduliwa na mkaguzi. Taarifa ya uongo ya msimamizi inamfumba macho mkaguzi, mbunge na mwananchi kwa pamoja.

7. Marufuku fupi kuliko zote: siku 96

Tarehe 7 Julai 2016, kwa kutegemea ripoti ya McHugh, waziri kiongozi wa jimbo hilo, Mike Baird, alitangaza kwamba mbio za mbwa zingekoma Julai 2017. Bunge likapitisha sheria mwezi Agosti. Wafugaji wa vijijini wakaandamana, magazeti na redio vikamkalia kooni, na washirika wake wa chama cha National wakaingiwa na hofu ya kura. Tarehe 11 Oktoba, siku 96 baada ya tangazo, Baird alirudi mbele ya waandishi wa habari na kuifuta marufuku. Haikusaidia: mwezi uliofuata chama cha National kilipoteza kiti cha Orange kilichokuwa mikononi mwake tangu 1947.

Jimbo likachagua kurekebisha. Zilitengwa dola za Australia milioni 41: milioni 30 za kuboresha viwanja na milioni 11 za kuanzisha tume huru ya ustawi na uadilifu, iliyoanza kazi mwaka 2018. Jambo jema katika mageuzi hayo ni kutenganisha kazi mbili: anayetangaza mchezo na kuuza tiketi asiwe yuleyule anayeadhibu wakatili. Hata hivyo mwaka 2024 aliyekuwa daktari mkuu wa mifugo wa chombo cha mbio alipoandika malalamiko mazito juu ya hali ya mbwa, serikali ililazimika kuunda uchunguzi mwingine. Marufuku ikifutwa kwa ahadi ya mageuzi, ahadi hiyo inapaswa kukaguliwa kila mwaka, bila kusubiri daktari ahatarishe jina lake.

Jirani yao mdogo alikwenda njia nyingine. Eneo la mji mkuu, Canberra, liliacha kwanza kutoa ruzuku, kisha likapiga marufuku mbio kuanzia tarehe 30 Aprili 2018, la kwanza kufanya hivyo Australia.

8. Uokoaji mkubwa wa mkupuo mmoja: Macau, mbwa 533

Canidrome ya Macau, iliyofunguliwa mapema miaka ya 1930, ilikuwa na sifa mbaya kuliko viwanja vyote vinavyotajwa hapa. Mbwa waliingizwa kutoka nje, hasa Australia. Kwa miaka mingi wanaharakati walisema kwamba hakuna mbwa aliyetoka pale akiwa hai: asiyefanya vizuri katika mbio kadhaa mfululizo aliuawa, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine.

Serikali ya Macau ilikataa kuongeza mkataba, na Julai 2018 uwanja ukafungwa. Kampuni iliwaacha ndani mbwa 533. Shirika la ANIMA, likiongozwa na Albano Martins, lilikuwa limeanza kutafuta familia mapema, na mbwa wakasafirishwa kwenda Hong Kong, Ulaya, Marekani na kwingineko. Fikiria kazi yenyewe: kila mbwa apimwe damu, asafishwe meno, ahasiwe, apate kreti, tiketi na mtu wa kumpokea uwanja wa ndege. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba mbwa hawa hawana pa kwenda. Palipatikana pa kwenda.

9. Kura kubwa zaidi: Florida, asilimia 69

Florida ilikuwa na viwanja 11 kati ya 17 vilivyobaki Marekani. Sheria ya jimbo iliwabana wamiliki: ukitaka ukumbi wa karata, lazima uendeshe mbio za mbwa. Watazamaji waliisha, mbwa wakaendelea kukimbia mbele ya viti vitupu ili karata zipate leseni. Jambo lililogeuza mambo lilikuwa fomu moja. Jimbo lilianza kudai kwamba kila kifo cha mbwa uwanjani kiripotiwe kwa maandishi, na kuanzia 2013 takwimu zilionyesha mbwa mmoja akifa kwa wastani wa kila siku tatu.

Novemba 2018 wapiga kura waliletewa pendekezo la kubadili katiba ya jimbo. Asilimia 69 walisema mbio zikome, na mbio za mwisho zikakimbiwa tarehe 31 Desemba 2020. 

10. Sheria ngumu kuliko zote kueleweka: West Virginia

Baada ya uwanja wa West Memphis, Arkansas, kufungwa mwishoni mwa 2022, jimbo pekee la Marekani lililobaki na mbio ni West Virginia, lenye viwanja viwili vinavyomilikiwa na kampuni moja. Hapo sheria bado inaifunga kasino kwenye mbio za mbwa, na mamilioni ya dola yatokanayo na kamari hupelekwa kila mwaka kwenye zawadi na mfuko wa kuendeleza uzalishaji wa greihaundi. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuondoa ruzuku hiyo, gavana Jim Justice akaupiga kura ya turufu.

Anayeutetea mfumo huu husema unalinda ajira za vijijini, na ajira ni hoja ya haki. Lakini fedha zile zinalipa kuzaliwa kwa mbwa wengi zaidi wakati nchi nzima imebaki na viwanja viwili vya kuwakimbiza. Ruzuku ya ajira inaweza kumlipa mfanyakazi huyohuyo kwa kuwatunza mbwa waliostaafu na kuwatafutia makazi. Kinachohitajika ni bunge kuandika hivyo.

11. Sheria ya haraka kuliko zote: New Zealand, siku moja

New Zealand ilifanya uchunguzi mara tatu: 2013, 2017 na 2021. Ule wa 2017, ulioongozwa na jaji Rodney Hansen, ulikuta zaidi ya mbwa elfu moja ambao kumbukumbu hazikuonyesha walipo. Kati ya uchunguzi huo na ule wa 2021, mwaka 2020, mbwa Zipping Sarah alishinda mbio mjini Christchurch na vipimo vikakuta dawa ya kulevya ya methamfetamini mwilini mwake. Mnyama hanunui dawa. Kuna mkono wa mtu ulioifikisha.

Tarehe 10 Desemba 2024 waziri wa mbio, Winston Peters, ambaye ni mpenzi wa farasi wa mbio wa muda mrefu, alitangaza kwamba mbio za mbwa zingefungwa ifikapo tarehe 31 Julai 2026. Siku hiyohiyo bunge lilipitisha kwa dharura sheria inayokataza mwenye mbwa kumuua bila sababu ya msingi. Waliiona hatari mapema: mchezo ukitangazwa kufa, mbwa 2,900 hivi wanageuka mzigo usiku mmoja. Sheria iliwahi kabla bunduki hazijatoka kabatini. Kwa maoni yangu huu ndio mfano bora wa kufunga mchezo: mnyama hulindwa kwanza, mjadala wa fidia na ajira hufuata.

12. Namba zilizoboreka zaidi: Uingereza

Uingereza haitoi ruzuku ya bajeti. Mchezo hutegemea mchango wa hiari wa kampuni za kubeti. Naiweka hapa kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi nguvu ya kuhesabu. Mwaka 2016 kamati ya bunge ilitaka takwimu za majeraha na vifo ziwekwe hadharani. Bodi ya mbio ikaanza kuzitoa.

Mwaka 2018, mbwa 175 waliuawa kwa sababu za kiuchumi, yaani kulikuwa na tiba lakini hakukuwa na mlipaji. Mwaka 2024 walikuwa 3. Waliostaafu wakapata makazi walipanda kutoka asilimia 88 hadi 94. Majeraha yalishuka hadi asilimia 1.07 ya mara zote mbwa walipoingia uwanjani. Madaktari wapya hawakuvumbuliwa katikati, wala mbwa hawakubadilika. Mwenye mbwa alitakiwa kuweka amana ya kustaafu, mfuko wa matibabu ukaanzishwa, na kila mtu akajua kwamba namba ya mwaka huu itasomwa kando ya ile ya mwaka jana.

Namba hizohizo ndizo zinazowapa wapinzani hoja. Mwaka 2024 mbwa 123 walifia uwanjani na majeraha yalizidi 3,800. RSPCA na Dogs Trust, mashirika ya kutetea wanyama yaliyokaa meza moja na mchezo huu kwa miaka mingi, yalitangaza mwaka 2022 kwamba yanataka ukomeshwe. Wales, yenye uwanja mmoja tu, ilitangaza Februari 2025 kwamba itapiga marufuku. Hoja yao ni kwamba mbwa wakikimbia kwa kasi ile kwenye kona, vifo haviwezi kufika sifuri. Hata asiyekubaliana nao lazima ajibu kwa namba, na hilo peke yake ni hatua kubwa kutoka tulikoanza.

Fedha za umma zidai nini

Agosti 2025 serikali ya Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, ilitangaza kwamba fedha zake kwa mbio za mbwa zitakoma katikati ya 2029. Waziri kiongozi Jeremy Rockliff aliwapa wenye mbwa karibu miaka minne ya kujipanga. Muda huo unatosha kuacha kuzalisha, kuwakimbiza waliopo hadi wastaafu, na kuwapatia wote makazi, mradi idadi yao ijulikane leo.

Kwa serikali zinazoendelea kutoa ruzuku, Ireland ikiwa mfano wa kwanza, rekodi hizi 12 zinafundisha masharti manne. Kila mtoto wa mbwa aandikishwe akiwa bado ananyonya, awekewe chipu chini ya ngozi, na afuatiliwe hadi kifo chake, hata akiuzwa nje ya nchi. Majeraha ya kila uwanja yatangazwe kwa jina la uwanja, yakiandikwa na daktari wa mifugo asiyelipwa na uwanja huo. Anayeuza tiketi asiwe anayetoa adhabu. Na fungu la matibabu na kustaafu likatwe kwanza, kabla ya zawadi za washindi.

Masharti haya hayahitaji utafiti mpya wala teknolojia isiyopatikana. Mchezo unaoweza kusema Star Title alitumia sekunde 19.57, badala ya 19.58, unaweza pia kusema mbwa wake wote waliozaliwa mwaka jana wako wapi. Bunge linaloidhinisha ruzuku lina uwezo wa kudai orodha hiyo kabla ya kutia saini, na pale isipoletwa, lizizuie fedha hizo mpaka iletwe.